Swami Hajipaki Mafuta

Kwetu Kuttanad kuna majira ambayo mke haruhusiwi kumwita mumewe mpumbavu. Mwanamume akishavishwa shanga za kwenda kuhiji mlimani kwa mungu wetu Ayyappan, jina lake linawekwa kando. Si Divakaran tena, si baba Bindu, ni Swami, jina la mungu mwenyewe. Kondakta wa boti ni Swami, mwizi wa bata ni Swami, na yule mlevi wa kwenye kibanda cha tembo, akivaa shanga, naye ni Swami na utamwamkia kwa mikono miwili. Na wewe mkewe, uliyemfulia vikoi tangu hajaota mvi, unamwita Swami, na yeye anakuita mama, kwa sababu kila mwanamke machoni mwake sasa ni mama. Maneno makali hayatakiwi nyumbani mpaka atakaporudi. Haya, niambie wewe, mtu mwenye hasira kama zangu anaishi vipi?

Mimi ni Kanakamma, mpika mafuta. Ukishuka boti kwenye gati letu ukauliza mafuta ya miguu yako wapi, hata mbwa atakuelekeza kwangu. Huku sisi tunashinda ndani ya maji. Wanawake wanapandikiza mpunga kwenye tope, wanaume wanazama mtoni kuchota udongo wa kujengea kingo, na jioni kila mtu anarudi na vidole vya miguu vimekuwa vyeupe, vimevimba, vinapasuka katikati, vinawasha mpaka mtu anajikuna kwa kisu. Ni fangasi, wanasema wa zahanati. Bibi yangu hakujua jina hilo ila alijua dawa yake, akamfundisha mama, mama akanifundisha mimi. Majani ya mwarobaini, manjano mabichi, mbegu za mti wa marotti zilizopondwa, vyote unavichemsha ndani ya mafuta ya nazi uliyoyakamua mwenyewe kwa tui. Unachochea moto mdogo mdogo, huondoki jikoni. Kisha unachovya utambi na kuuwasha. Ukitatarika, maji bado yamo, rudi kwenye sufuria. Ukiwaka kimya, epua.

Nimeshika miguu ya nusu ya watu wa kata hii, Wahindu, Wakristo, Waislamu, ya mwenye shamba na ya kibarua wake. Mguu mmoja tu ndio ulionishinda, na mguu wenyewe unalala chumbani kwangu.

Mwaka huu Divakaran alivaa shanga mapema kuliko wenzake. Sikumuuliza kwa nini, maana nadhiri ya mtu huulizi. Alivaa kikoi cheusi, akaacha samaki, akaacha sigara, nikashukuru. Akavua ndala, akaanza kutembea peku. Hapo nikakunja uso, kwa sababu mume wangu ana sukari, na mtu wa sukari hatembei peku kwenye udongo wetu uliojaa magamba ya kome. Lakini ndiyo desturi ya waendao mlimani, nikameza. Siku nilipoona katikati ya vidole vyake pamekuwa peupe na kumeanza kunuka, nikapasha mafuta kidogo, nikamfuata barazani.

"Swami, lete mguu."

"Mama, siwezi."

"Huwezi kitu gani? Kunyoosha mguu?"

"Aliyevaa shanga hajipaki mafuta. Unajua."

Ni kweli wako wanaoshika hivyo. Hawanyoi, hawajipaki mafuta, wanalala chini kwenye mkeka. Wengine hawashiki, wanasema katazo ni la anasa tu. Na huyu mume wangu, ambaye miaka yote alikuwa akienda mlimani na nywele zinang'aa mafuta kama kikaango, mwaka huu ndio kapata kuwa mtakatifu.

"Na ule uji mtamu unaokula kila jioni kwenye nyimbo za ibada, wenye sukari guru na tui zito, huo haukatazwi?"

"Ule ni wa Mungu, mama. Ule si sukari."

Nikaondoka, maana ningebaki pale ningesema neno. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Sasa hapo ndipo Aleyamma anapoingia. Huyu ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mfereji, na mdomo wake hautenganishwi na kitu. Alikuja kuchukua mafuta ya mwanawe. Akapita barazani, Swami amekaa anasoma gazeti, miguu juu ya stuli. Akasimama, akanusa.

"Kanakamma dada, umeanika samaki?"

"Mwezi huu samaki hawaingii nyumba hii."

"Basi kitu kingine kinanuka." Akaiangalia ile miguu, akanigeukia na macho yake yanacheka. "Mganga hajigangi, wanasema. Kumbe na mumewe hamgangi."

"Mganga yupo. Mgonjwa ndiye hayupo, kahamia mbinguni."

"Swami," akamwambia mume wangu, "mkeo huyu watu wanavuka mto kumfuata. Wewe umelala naye kitanda kimoja unanuka hivyo?"

"Silali kitandani, dada," Swami akajibu kwa upole, huku akigeuza gazeti. "Nalala chini."

Upole ule ndio ulionichoma. Angenijibu vibaya, tungegombana yakaisha. Lakini mtu anayekujibu kwa upole huku mguu wake unaoza ni kama anakufungia mlango usoni taratibu, na bado anataka umshukuru. Aleyamma alipoondoka aliacha kicheko, na jioni ile kicheko kilikuwa kimefika mpaka kwenye kinu cha mpunga. Mke wa fulani anauza dawa, mumewe ananuka. Sioni aibu kusema iliniuma. Ila nawaambieni, sikulia kwa kicheko. Kilichonitisha ni kwamba mume wangu hakuwa akijikuna. Vidole vimepasuka vile, nyama inaonekana, na hata mara moja sikumwona akijikuna. Wala hakuchechemea.

Nikaenda kwa Guruswami. Huyu ndiye kiongozi wa kundi lao, mzee Shivaraman, fundi wa mitumbwi, amepanda mlima mara nyingi mpaka magoti yake yamekuwa ya mti. Nilimkuta anapaka lami mtumbwi. Nikamsalimu, nikamweleza.

"Mafuta ni anasa," akasema. "Dawa si anasa. Mwambie apake."

"Mwambie wewe. Mimi kwake ni mama tu siku hizi."

Akacheka, akafuta mikono, tukaenda wote. Nikasimama mlangoni nisikose neno. Guruswami akamwambia vizuri kabisa, tena kwa mapenzi, kwamba Ayyappan hataki mguu wa mtu uoze kwa ajili yake, kwamba yeye mwenyewe mwaka wa mafua alijipaka dawa kifuani na mlima akapanda.

Divakaran akainamisha kichwa. "Guruswami, wewe hukunikataza. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwahidi Ayyappan. Nilisema peku na bila mafuta. Ahadi haikuwa kwako."

"Uliahidi ili upate nini?"

Divakaran hakuinua kichwa. Mzee akaniangalia, akainua mabega. Nadhiri ya mtu huulizi, na yeye alikwisha kuuliza kuliko inavyofaa. Akaenda zake kwenye lami yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili halikuisikia hata ilipoletwa na mwenye ruhusa.

Nilirudi jikoni nikachochea moto usio na sufuria. Nilikuwa na hasira na Guruswami kwa kuinua mabega, na Aleyamma kwa kucheka, na wale wote wanaomwinamia mume wangu njiani, Swami, Swami, bila hata mmoja kumwangalia miguuni. Mkimwita mungu, basi mtazameni kama mungu. Na hapo hapo nikapata la kufanya.

Kesho yake alasiri alirudi kutoka kwenye kingo, akaoga mferejini, akaja kukaa mbele ya taa ya sala kama kawaida yake. Mimi nilikwisha kuoga. Nilivaa ile nguo nyeupe ya hekaluni yenye ukingo wa dhahabu, nikaweka sinia la shaba, maua, msandali uliosagwa, na bakuli la mafuta yangu yenye uvuguvugu. Nikapiga magoti mbele yake. Akashtuka.

"Mama, nini hiki?"

"Swami, wewe ni nani?"

"Unaniuliza nini?"

"Nauliza. Mwezi huu wewe ni nani? Divakaran?"

"Hapana. Sote tuliovaa ni yeye."

"Ni Ayyappan."

"Ndiyo."

"Na Ayyappan kule juu mlimani, sanamu yake, haipakwi mafuta? Haimwagiwi mafuta, na samli, na maziwa, na asali, mbele ya watu wote?"

Akalitazama sinia.

"Mungu hajipaki mafuta," nikamwambia. "Kweli kabisa, wewe umeahidi hutajipaka, na hutajipaka. Kaa hivyo hivyo usiguse kitu. Anayempaka mungu ni mja wake. Mimi mja nimekuja na sadaka yangu. Sasa nione Swami anayeikataa sadaka."

Nilimwona anaitafuta njia ya kutokea. Ningemjua hata gizani, akitafuta njia hukuna sikio. Akakuna sikio. Kisha akacheka, kicheko cha Divakaran mwenyewe ambacho sikukisikia tangu avae shanga, akanyoosha mguu.

"Wewe mwanamke," akasema, "ungesomea uwakili."

Nikauosha kwanza kwa maji ya majani ya mwarobaini, nikaukausha, kila kidole na uchochoro wake. Hasira zilikuwa zinanitoka. Nilimpaka kama ninavyowapaka wote, kidole gumba changu kinapita katikati ya vidole vyake, kisha chini, kwenye unyayo, nikikandamiza. Yeye alifumba macho. Nikashuka mpaka karibu na kisigino, gumba langu likakwaruzwa na kitu kigumu.

Nikadhani ni ngozi iliyokauka. Nikasogeza taa. Palikuwa na tundu, limejifunga kwa uchafu, na ndani kitu cheupe kinachungulia. Nikakibana kwa kucha. Kikatoka kirefu, kipande cha gamba la kome, kimechongoka, kikafuatwa na usaha, na usaha ukafuatwa na harufu ambayo sitaieleza. Gamba kama lile likimwingia mtu huku, anapiga kelele mpaka ng'ambo wanaacha kazi.

Mume wangu alikuwa bado amefumba macho.

"Umemaliza?" akauliza.

Nilikaa na kile kipande kiganjani. Akafumbua macho, akaniona, akaona kiganja changu. Hakuuliza hiki kimetoka wapi. Hapo nikajua kwamba anajua.

"Tangu lini?" nikamwambia.

"Mama…"

"Usiniite mama. Tangu lini husikii maumivu?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mguu huu?"

"Huu sana. Ule mwingine unaanza."

"Na ukamwambia nani?"

Akashika shanga zake. Ndilo jibu alilonipa, akashika shanga.

Nitasema yote, maana mengine mtayasikia kwa Aleyamma aliyekuwa amesimama upande wake wa mfereji. Nilimtukana. Mbele ya taa, na nguo ya hekaluni mwilini, nilimtukana mume wangu na shanga zake shingoni. Nilimwambia mpumbavu, nilimwambia mchawi wa nafsi yake. Nilimwambia, watu wanavuka mto kuniwekea miguu yao mapajani, miguu ya wageni nisiowajua majina, nayo naijua kila ufa. Na wewe uliyekuja kulala chumba kimoja na mimi, unabeba mguu usiosikia, unaupitisha mbele yangu asubuhi na jioni, na kuniambia habari za uji wa Mungu. Mungu ana wangapi wa kumwambia? Mimi nina mmoja.

Alinisikiliza mpaka nikakaukiwa.

"Ningekuambia, ungenipeleka hospitali," akasema. "Hospitali wangeukata. Babu yangu walimkata, akakaa barazani miaka, sisi watoto tukawa tunamfukuzia nzi. Mchota udongo asiye na mguu atazamaje mtoni, Kanakamma?"

"Kwa hiyo ukaamua uoze wenyewe."

"Hapana." Akauangalia ule mguu kama mali ya mtu mwingine. "Nilimwahidi kwamba nitapanda peku. Ile njia ya mawe ya kule juu, unaijua inavyochoma, wazima wanalia. Nikasema nitaipanda bila ndala, bila mafuta, nisiilainishe ngozi hata kidogo. Yale mawe yakinichoma, nitajua ameurudisha. Ndiyo nadhiri yangu. Sikuomba kitu kingine. Niliomba mguu uniume."

Sasa mtu kama huyo unamfanya nini? Nilitaka kumpiga kwa lile sinia. Nilitaka pia kukilaza kichwa chake mapajani. Sikufanya lolote. Nilifunga kidonda kwa kitambaa safi, nikavuka mfereji kwa Aleyamma, nikamwambia amwambie mwanawe atuwekee nafasi kwenye boti ya kwanza.

Asubuhi Divakaran alisema atakwenda hospitali akitoka mlimani. Nikamwambia, "Swami, mlima haujakimbia tangu uumbwe. Inuka." Akainuka. Nilimwekea ndala mlangoni akazitazama, akanitazama, akazivaa. Kwenye boti watu walimpisha kiti, Swami kaa, Swami kaa, na mama mmoja akamwinamia kutaka kumgusa miguu. Nikaushika mkono wake kabla haujafika.

Daktari alikuwa binti mdogo, msalaba shingoni. Naye alimwita Swami. Alichukua kijiti chenye ncha, akamwambia aangalie dari, akaanza kumchoma kuanzia kwenye vidole.

"Sasa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Bado."

Kijiti kikapanda mpaka juu ya kifundo ndipo Divakaran akasema, hapo kidogo. Mimi nilikuwa nahesabu nyufa za ukuta ili nisimkaripie mtu. Daktari akakagua lile tundu kwa muda mrefu, akaninong'oneza kwamba uchafu umeshuka mpaka karibu na mfupa, vidole viwili vya upande ule havina tumaini, lakini wakisafisha leo hii mguu wenyewe utabaki. Ingekuwa baada ya mlima, akasema, tungekuwa tunazungumza habari ya goti.

"Nani alikitoa kile kipande?"

"Mimi. Nilikuwa nampaka mafuta ya fangasi."

"Mafuta hayo yanafaa vidole vinavyowasha, mama. Kwa sukari hayafanyi kitu. Na mtu asiyesikia usimpashie mafuta ya moto."

"Najua, mwanangu. Mimi napaka ngozi. Huyu alificha chini ya ngozi."

Guruswami alifika na wenzake wawili, wamevaa nyeusi, wanahema kwa kukimbilia boti. Akamwambia kwamba mwaka huu atamchukulia mzigo wake wa sadaka yeye mwenyewe, ataufikisha, na nadhiri itahesabika. Divakaran akashukuru. Hakuuliza mlima. Aliuliza kama yale mawe bado yapo vile vile, Guruswami akasema yapo. Mimi nilimwangalia mzee yule na sikumwinamia, naye nadhani alielewa kwamba sijayasahau yale mabega.

Kisha wakatolewa nje, nikaruhusiwa kubaki kwa kuwa nilikataa kutoka. Daktari akavuta dawa ya ganzi kwenye bomba la sindano, akakaa kando ya kitanda.

"Swami, hii itauma kidogo. Vumilia."

"Iume tu, mwanangu," mume wangu akasema. "Iume hata sana."

Daktari akadhani ni utani, akatabasamu. Sindano ikaingia juu ya unyayo, ikaingia tena kando ya kidole. Divakaran alikuwa ameinua shingo, uso mzima umekaza, anasikilizia kama mtu anayesikilizia kama boti imeanza kuja. Akasikilizia mpaka bomba likaisha. Kisha akanigeukia, akatikisa kichwa: haikuuma.

Nilitaka kumpiga mtu, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kumpiga.